Nguzo ya Mbele Kushoto

Chama chetu kinaitwa Undugu wa Wanaume wa Parokia, jina refu kwa watu kumi na wawili. Kwa kuwa wengi hudhani kazi yetu ni kupiga soga nyuma ya kanisa, acha niseme tunachofanya. Tunapanga viti. Tunazibua mifereji ya paa kabla ya mvua. Akifa mtu asiye na watu wa kumbeba, tunambeba sisi. Jumapili tunasimama mlangoni na kuwaonyesha waliochelewa kwamba mbele bado kuna nafasi, nao mbele hawaendi ng'o. Na mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Ekaristi, tunabeba hema.

Hema lenyewe ni kitambaa cheupe chenye pindo la dhahabu, kimeshikiliwa na nguzo nne za mbao. Chini yake anatembea paroko ameinua Ekaristi, mtaa kwa mtaa, watu wakipiga magoti kando ya njia. Nguzo nne, watu wanne. Heshima yote ya chama chetu iko hapo, na ugomvi wake wote pia, maana wanane wanabaki mikono mitupu.

Tuna kanuni mbili kuhusu nguzo. Ya kwanza, nguzo hainyang'anywi. Ukishapewa ni yako, mpaka wewe mwenyewe umkabidhi mwingine kwa mkono wako mbele ya wenzako. Ya pili, mtu akiwa na kasoro, anayepaswa kumwambia ni jirani yake wa nguzo, yule anayetembea upande wake, uso kwa uso, wawili tu, kabla neno halijafika kwa mtu wa tatu. Ni kanuni nzuri sana hii. Aliyeitunga bila shaka hakuwa na shemeji.

Nguzo ya mbele kushoto ilikuwa ya kaka wa mke wangu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mageti na madirisha ya nusu ya mji huu ni mkono wake, na tulimwita Rula kwa sababu hakuweza kupita mbele ya kitu kilichopinda akanyamaza. Hata picha ya Papa ofisini kwa paroko aliwahi kuinyoosha paroko akiwa anaongea. Nguzo ya nyuma kushoto ilikuwa yangu mimi. Mimi ni fundi cherehani, na lile pindo la dhahabu nimelishona mara mbili kwa mikono yangu, wala hakuna aliyesema asante.

Sasa, macho ya Rula yalikuwa yanafifia. Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa unaokula pembeni kwanza, unakuachia katikati tundu dogo la kuonea, halafu unalifuata na hilo tundu. Hakumwambia mtu. Lakini mke wangu akimpelekea chakula alikuta sukari nyingi mezani kuliko kikombeni, na mimi siku moja nilimwona akilisalimia kwa adabu zote koti langu lililotundikwa mlangoni. Mkewe alishafariki, binti yake kaolewa mbali, kwa hiyo nyumbani hakukuwa na wa kumbana.

Mwaka uliotangulia haya ninayosimulia, kwenye maandamano, alikosa ukingo wa barabara mbele ya duka la dawa. Hema likalala upande, nguzo ikamgonga paroko kichwani, Ekaristi ikayumba mpaka kina mama wakashika midomo. Rula akasema amekanyaga jiwe. Jiwe halikuwepo. Sote tukasema ndiyo, mawe ya barabara hii yamezidi, halmashauri inafanya nini.

Kwa kanuni yetu, wa kumwambia nilikuwa mimi. Nikakaa na neno hilo mwaka mzima kama mtu aliyemeza kokwa. Siku moja nilikata shauri nikaenda karakana kwake, mkasi butu mkononi kama kisingizio na hotuba nzima kichwani. Akanipa kiti, akaniuliza habari za dada yake, akanisimulia kisa cha mteja aliyetaka geti lisilofunguka, nikacheka mpaka nikasahau nilichojia. Nilirudi nyumbani na mkasi wangu umenolewa vizuri.

Mke wangu akauliza kama nimemwambia. Nikasema nimemkuta ana kazi. Akauliza kesho atakuwa na nini. Halafu akasema kama sisi tumeshindwa atamwambia yeye, ni kaka yake, wamenyonya titi moja. Nikamkatalia, nikamwambia hilo ni jambo la chama. Akanitazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Kumbe sikuwa peke yangu katika kujifanya hamnazo. Kila ndugu alikuwa amejua kwa wakati wake, na kila mmoja alidhani anajua yeye tu. Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko njia ya kwenda kanisani, alikuwa akitoka kila Jumapili asubuhi kuondoa mawe na ndoo kwenye njia anayopita Rula. Dereva wa lori alikuwa akimpitia kwa gari, eti amepita tu kwa bahati. Mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akimpelekea vyuma vilivyokwisha kukatwa kwa vipimo na kumwambia kiwandani siku hizi wanauza hivyo. Wote wema mtupu. Na wote, nikiwemo mimi, tulikuwa tunampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Halafu watu wa maji wakachimba mtaro sokoni. Mtaro wenyewe ulikuwa mrefu, umekata barabara ile ile ya maandamano, na wiki ya sikukuu ilipokaribia bado ulikuwa wazi, umewekewa mbao mbili za kuvukia. Paroko alisema njia haibadiliki, wagonjwa wa upande ule wanangoja Ekaristi ipite madirishani mwao. Hapo ndipo mwenyekiti alipotushika sikio mmoja mmoja. Kikao cha Jumamosi kilikuwa saa kumi. Akatuambia tufike saa tisa. Rula hakuambiwa.

Tulijua tunavunja kanuni. Tuliingia ukumbini mmoja mmoja bila kusalimiana kwa sauti, na mwenyekiti akaamuru madirisha yafungwe ili masista wa ng'ambo ya barabara wasisikie. Nje jua lilikuwa kali, ndani tukakaa kwenye giza la mchana, viti vimezunguka ukuta, katikati peupe. Kinyozi akaanza kueleza habari za mawe na ndoo, dereva akasema kumbe na wewe, mwenyekiti akasema kumbe na nyie, na kwa muda kidogo tulikuwa karibu kufurahi. Kisha wote wakanigeukia mimi. Mwenyekiti akaninyooshea kidole na kusema jirani wa nguzo anajulikana, na kama jirani wa nguzo angekuwa na ujasiri wa kuku...

Mlango ukafunguka, akaingia Rula.

Alikuwa amewahi saa nzima. Baadaye nilijua kwamba aliwahi hivyo kila Jumamosi. Alitoka kwenye jua akaingia kwenye giza lile, na macho yake hayakuona kitu. Kidole cha mwenyekiti kilikuwa bado hewani. Rula akafunga mlango nyuma yake, akasikiliza kidogo, akaridhika kwamba ukumbi ni mtupu.

Ningetamka neno moja tu, hata karibu, mambo yangeishia hapo. Lakini midomo yetu ilikuwa bado na jina lake. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme. Na kimya cha namna hiyo kina tabia mbaya: ukikichelewa kidogo unaona aibu kukivunja, na aibu hiyo inakuchelewesha zaidi.

Rula akapapasa ukuta wa upande wa mlango, usio na viti, mpaka kwenye kona zinapokaa nguzo. Akazishika moja moja, akaijua yake, akaiinua, akaiweka sawa kifuani. Halafu akaanza kutembea katikati yetu, taratibu, mgongo umenyooka, na akawa anajisemea njia.

"Lango. Ngazi. Kulia. Ukuta wa shule unakwisha, hewa inafunguka, hapo duka la dawa. Ukingo. Inua mguu."

Akainua mguu juu kuliko inavyohitajika, akaushusha kwa tahadhari kwenye sakafu tambarare ya ukumbi.

"Vizuri," akajiambia, na akatabasamu.

Nimeona mengi katika kazi yangu. Nimewapima marehemu nguo zao za mwisho bila kugeuza macho. Lakini tabasamu lile sikuweza kulitazama, na sikuweza kuacha kulitazama. Dereva alikuwa ameinamia viatu vyake. Kinyozi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Na mimi nikakaa.

Akapita kituo cha mabasi, akageuka kona ya kiwanda cha matofali ya saruji, akafika sokoni.

"Sokoni. Moja kwa moja. Tambarare mpaka hospitali, hapa hapana shida."

Alitembea moja kwa moja juu ya ule mtaro asioujua, na watu kumi na mmoja wanaoujua tukamtazama anavyouvuka. Katika safari ya kurudi alipotea kidogo, akasogea upande wetu, akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta ukuta. Mkono ukatua kwangu. Ulitua begani, ukapanda shingoni, ukakuta futi yangu ya kupimia ambayo siivui hata kanisani. Vidole vikaifuata kidogo.

"Shemeji?"

"Naam."

Akacheka kwa kushtuka. "Umenitisha bwana. Umeingia saa ngapi?"

Akaendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikaanza kupungua chenyewe, taratibu, mpaka kikaisha.

"Uko peke yako?"

"Hapana."

Akageuza kichwa huku na huku. Macho yake yalipita usoni kwa kila mtu mle ndani na hayakusimama kwa yeyote.

"Mko wangapi?"

"Wote," nikasema.

Akatoa mkono wake shingoni kwangu. Akageuka, akaanza kuirudisha nguzo kwenye kona, akipapasa. Dereva alinyanyuka kumsaidia, akaangusha kiti, mshindo ukajaa ukumbi. Rula akamwambia akae. Akaiegemeza nguzo, akahakikisha imesimama wima, akatafuta mlango, akatoka. Mwanga uliingia, kisha mlango ukafungwa.

Mwenyekiti akasema tufunge kikao kwa sala. Tukasali. Sijui tulisali nini.

Siku ya pili yake mke wangu alirudi kutoka kwa kaka yake akapita moja kwa moja mpaka kwenye cherehani na kuniwekea chini ya sindano, juu ya suruali ya mtu, ule ukanda wa bluu tunaouvaa kifuani. Akasema kaka yake amesema apewe anayeutaka. Nikamuuliza amesema nini kingine. Akasema hakusema kingine, ila hakula, na katika maisha yake hajawahi kumwona kaka yake akiacha chakula, hata siku ya msiba wa mkewe. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja akalia kwa hasira. Aliniambia yeye angemwambia tangu mwaka jana, jikoni, kwa maneno mawili, na kaka yake angemtukana na wangekunywa chai. Lakini lilikuwa jambo la chama, akasema. Haya, chama kiko wapi?

Chama kilituma ujumbe. Mwenyekiti, kinyozi na dereva walivaa mashati ya Jumapili wakaenda jioni. Mimi nilikataa kwenda. Waliporudi wamenywea nikajua wameambulia patupu. Rula aliwakaribisha vizuri kabisa. Aliwamiminia chai mwenyewe, kidole ndani ya ukingo wa kikombe, hakumwaga hata tone. Aliongea nao habari za bei ya vyuma. Kila mwenyekiti alipoanza kumvika kilemba cha ukoka, ndugu yetu mpendwa, mhimili wa chama, Rula alimwambia chai itapoa. Walikunywa vikombe vitatu vitatu wakaaga.

Nilikwenda peke yangu Jumamosi iliyofuata asubuhi, kesho yake ndiyo sikukuu. Ukanda nilikuwa nimeukunja mfukoni. Hotuba sikuwa nayo.

Karakana ilikuwa kimya. Mashine ya kuchomelea ilikuwa imefunikwa turubai, na kwa vumbi lililokuwa juu yake hiyo haikuwa ya wiki moja. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anapiga tupa bawaba ya geti, anapitisha kidole gumba, anapiga tena. Bado kazi ile ilikuwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote mjini. Kabla sijafungua mdomo akasema karibu shemeji. Alinijua kwa ndala.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekuja kukuambia kitu," nikasema.

"Sema."

"Huoni."

Tupa ikaendelea kwenda.

"Huoni, na nguzo ya mbele huiwezi tena. Mwaka jana hakukuwa na jiwe, uliukosa ukingo. Na sokoni wamechimba mtaro, umekata barabara nzima. Ungetumbukia, wewe na paroko na Ekaristi, na mimi nyuma yako."

Akaweka tupa chini. Akaifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kazi ambayo haikuhitaji muda wote ule.

"Mwaka mzima," akasema.

"Mwaka mzima."

"Unajua nilikuwa nawaza nini mwaka huo mzima? Naenda kanisani njia nyeupe, hakuna jiwe, hakuna ndoo. Gari linatokea wakati ninaohitaji gari. Vyuma vinakuja vimekatwa. Nikasema Mungu ananionea huruma. Nikawa namshukuru kwa sauti, shemeji, nikitembea. Ulipojibu kwamba mko wote, ndipo nikajumlisha. Kumbe kinyozi." Akatikisa kichwa. "Haya, hilo nalo si baya. Kinyozi naye ni mtu wa Mungu. Macho yenyewe nimeshayalilia, nimemaliza. Lakini siku ile mliniacha natembea. Nimeinua miguu yangu mbele yenu kama mtoto anayejifunza, na wewe umekaa. Hata kukohoa hukukohoa."

Niliona aibu, na nilimpenda mtu yule, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikasema ukweli, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine kilichobaki.

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Niliogopa utakavyonitazama."

"Kwa macho gani?" akasema.

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba mimi silii peke yangu. Tulikaa hivyo. Mteja mmoja alifika kuulizia geti lake, akatuona, akasema atarudi.

Baada ya hapo aliniuliza mtaro una upana gani. Nikamwambia. Akaniuliza mbao zimelazwa vipi, zimefungwa au zimewekwa tu, nikamweleza, akaguna kwa dharau ya fundi. Hakusema kama atakuja. Nikautoa ukanda mfukoni nikauweka juu ya benchi, karibu na mkono wake, nikamwambia upo hapo. Hakuugusa. Alishika tena tupa.

Siku ya sikukuu misa iliisha, watu wakajipanga nje, hema likafunguliwa. Nguzo tatu zilikuwa na wenyewe. Ya nne kinyozi aliishikilia tu isianguke, na mwenyekiti alikuwa anamnong'oneza aishike vizuri abebe, sikukuu haiwezi kuharibika kwa mtu mmoja. Kinyozi akakataa. Alisema hajakabidhiwa, na hatembei hata hatua. Sijawahi kumheshimu kinyozi kama nilivyomheshimu hapo, ingawa nywele zangu huzikata vibaya. Paroko amekwisha kutoka mlangoni ameinua Ekaristi, amevaa joho zito kwenye jua lile, anatutazama kwa macho ya kuuliza kama tunaanza au vipi.

Ndipo watu wakapisha upande wa lango, na nikamwona mke wangu. Amemshika kaka yake mkono. Rula alikuwa amevaa ukanda, na ulikuwa umepinda. Hilo peke yake lilinikata maini kuliko yote, ukanda wa Rula kupinda. Alipofika kwetu nikaunyoosha kwa mkono mmoja, bila kumwambia, akaelewa.

Akanyoosha mkono, kinyozi akampa nguzo. Akaishika, akaisikiliza uzito wake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, si ya hotuba, lakini waliokuwa karibu wote walisikia.

"Mimi sioni. Nyinyi mlijua, na mimi sasa najua kwamba mlijua. Nguzo hii nampa shemeji."

Akanikabidhi. Nikajikuta nina nguzo mbili, mkono huu na mkono huu, na kanuni inasema nguzo hukabidhiwa kwa mkono wa mwenyewe. Yangu ilikuwa inangoja mtu. Mwenyekiti alishaanza kuja na jina la mtu mdomoni. Mimi nikaichukua nguzo ya nyuma nikaiweka kwenye mikono ya Rula na kumfungia vidole juu yake.

Mwenyekiti akasema lakini. Alikuwa na sababu zake, na zote zilikuwa za maana. Paroko, ambaye mwaka uliopita ndiye aliyegongwa kichwani, alisema twendeni.

Mambo ya nguzo ya nyuma nayajua, nimeishika miaka mingi. Wa nyuma hahitaji kuona mbali. Anasikia kitambaa kinavuta wapi, anafuata. Anachohitaji ni mtu wa mbele anayesema. Tukatoka langoni nikaanza kusema, kwa sauti ndogo, bila kugeuka. Ngazi. Kulia. Ukingo, inua mguu. Watu waliopiga magoti kando walidhani nasali, mama mmoja akaniitikia amina. Nyuma yangu nguzo ilikuwa inakuja imenyooka, na hema halikuyumba.

Sokoni nikamwambia mbao zinakuja, nyembamba, zinacheza, njoo katikati. Nilisikia mguu wake ukiitafuta mbao, ukaipata, ukaridhika. Paroko akavuka, kwaya ikaendelea kuimba, hakuna aliyejua kwamba mimi nilikuwa sijavuta pumzi tangu kona ya matofali. Upande wa pili barabara ilikuwa tambarare, moja kwa moja mpaka hospitali. Wagonjwa walikuwa madirishani. Kengele ikalia, kwaya ikanyamaza kwa heshima, kukawa kimya kabisa, na mimi nikaona haya kuongea mbele ya Ekaristi wakati dunia nzima imenyamaza. Hapakuwa na ukingo wala shimo. Nikanyamaza na mimi.

Tulikwenda hivyo kidogo. Kisha nikasikia hema linavuta nyuma. Alikuwa amepunguza mwendo.

"Shemeji," akasema. "Upo?"

"Nipo."

"Basi sema."

Nikasema. Nilisema kwa sauti, katikati ya kimya kile, paroko akisikia, mwenyekiti akinikodolea macho. Nilimwambia barabara ni tambarare. Nilimwambia dirisha la kwanza kuna mzee amevua kofia, la pili kuna mama na mtoto, la tatu pazia jekundu limepinda. Nilimwambia kwamba dada yake yuko kushoto kwake, anatembea na sisi, analia. Nilimwambia kila nilichokiona mpaka tuliporudi kanisani, na sauti yangu haikurudi kwa siku kadhaa.